Wale Tuliotembea Nyuma

Mwalimu Kwamboka alizikwa nyumbani kwao Nyamira, kando ya shamba la majani chai linaloteremka hadi mtoni, na mimi nilikaa kwenye viti vya nyuma nikiomba nisiitwe. Niliitwa. Kijana aliyeendesha ratiba alitangaza kwamba sasa tungesikia kutoka kwa wale waliokuwa wakitembea na marehemu, na watu wakageuka kunitazama kwa sababu Bosibori, aliyekaa ubavuni mwangu, alikuwa amenisukuma kwa kiwiko mpaka nikakaribia kuanguka na kiti. Nilisimama. Nilishika kipaza sauti, nikasema kwamba nilipokuwa msichana niliishi Nyanchwa kwa mwaka mmoja, kwamba afya yangu wakati ule haikuwa nzuri, na kwamba Mwalimu ndiye aliyenitoa nje. Kisha nikasema poleni, nikaketi. Afya haikuwa nzuri! Nina zaidi ya miaka hamsini, nina wajukuu, dawa zangu nazimeza bila kukumbushwa na mtu, na ni miaka mingi sijaanguka. Lakini mbele ya jeneza la mwanamke aliyenifundisha kulitaja neno lile bila kuinamisha kichwa, nilishindwa kulitaja. Neno lenyewe ni kifafa. Baadaye tulipopewa wali na nyama, Bosibori aliniuliza kwa sauti ya kawaida, bila kunong'ona, “Wewe Moraa, bado unaona haya?” Nikamwambia ndiyo. “Na miaka yote hii?” Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa, akachukua kipande kikubwa cha nyama kwenye sahani yangu, akala.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimeanguka katika chumba cha mtihani wa kumaliza shule, mbele ya darasa zima, na nilipozinduka nilikuta madawati yamesogezwa mbali nami na sketi yangu imelowa. Sikurudi kufanya karatasi zilizobaki. Nilipelekwa kwa makomoke, ndivyo sisi Wakisii tunavyomwita mama mdogo, kwa sababu kutoka kwake hospitali niliyochukulia vidonge haikuwa mbali. Makomoke alikuwa karani katika ofisi moja mjini, mwanamke mwembamba, msafi, mwenye haraka, ambaye kila asubuhi aliteremka mlima wa Nyanchwa kwa raba huku viatu vya ofisi viko kwenye mfuko, na jioni akaupanda vivyo hivyo. Alinipa chumba cha nyuma. Kilikuwa na kitanda cha mbao, sanduku langu la shule, na dirisha dogo lililotazama ukuta wa jirani, karibu hivi kwamba ningenyoosha mkono ningeugusa. Nyumba haikuwa na dari. Kuta ziliishia chini ya mabati, kwa hiyo kila lililosemwa sebuleni lilipita juu ya ukuta likanifikia kitandani pamoja na harufu ya chai. Nimelala vyumba vingi tangu wakati huo, vingine vizuri, lakini bado naweza kuchora kile chumba nikiwa nimefumba macho, mpaka ule mstari wa kutu mahali mvua ya alasiri ilipopenya.

Jikoni sikuruhusiwa kuingia. Nina kovu kwenye mkono wa kushoto, la siku niliyoangukia meko nikiwa mdogo, na Makomoke hakutaka kuona la pili. Ijumaa, wakati nyumba zote za Nyanchwa zilikuwa zinapika chakula cha Sabato kabla jua halijatua, mimi niliwekewa kiti nje ya mlango wa jikoni nichambue chinsaga, ile mboga yetu chungu inayolazwa kwenye maziwa, na Makomoke akasonga ugali wa wimbi, akakaanga, akachemsha ndizi, akafanya yote peke yake akiwa amechoka na kazi ya wiki nzima. Msichana wa miaka kumi na tisa asiyesonga ugali! Wageni walipopita uani wakanikuta nimekaa vile, na mwenye nyumba anatoka jasho ndani, nilijua wanachofikiri. Nilikuwa nikiinamia mboga kana kwamba kuna kitu cha maana nimekipoteza humo.

Sabato alasiri akina mama wa kanisa walikuja kunywa maziwa ya mala na kuzungumza. Makomoke aliniambia nipumzike chumbani, na mimi nikaelewa. Nililala chali nikitazama misumari ya mabati. Siku moja nilisikia mmoja wao akiuliza, “Huyu msichana wako anaumwa nini hasa?”

“Anapumzika tu,” Makomoke akasema.

“Kupumzika? Umri huo? Wenzake wako vyuoni.”

“Alisoma sana. Kichwa kikachoka.”

“Ooh. Maana tulisikia ni ule ugonjwa wa kuanguka.”

Nikasikia bilauri ikiwekwa juu ya meza. “Ni mtoto wa dada yangu,” Makomoke akasema. “Nikuongezee mala?” Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nilijifunika uso kwa shuka ingawa hapakuwa na mtu wa kuniona. Sikuona haya kwa ajili yangu peke yangu. Makomoke alikuwa mtu ambaye hangekaanga hata yai siku ya Sabato, na kwa sababu yangu alikuwa ametoka tu kusema uongo kuhusu kichwa kilichochoka na masomo.

Wakati akina mama wakinywa mala, vijana wa kanisa walikuwa na matembezi yao. Nilikuwa nikiwasikia. Filimbi ilipulizwa, wimbo ukaanza, viatu vikapita nyuma ya ukuta wa jirani, sauti zikateremka kuelekea mtoni mpaka zikapotea. Wakati mwingine walifika Kiogoro na kurudi. Makomoke hakuelewa mambo hayo. “Kutembea uende wapi?” alikuwa akisema. “Mimi mlima huu naupanda kila siku na hakuna anayenipulizia filimbi.” Nilicheka, kwa maana alikuwa na ucheshi wake, lakini filimbi ile ilipolia niliacha nilichokuwa nafanya nikaisikiliza mpaka ikapotea. Nilikuwa nimekaa mle ndani muda mrefu hivi kwamba mwanga wa uani uliniumiza macho.

Mwalimu Kwamboka alikuja Jumapili moja bila kuitwa. Alifundisha Kiswahili katika shule mojawapo pale mlimani, na hata mtu akimsalimu kwa Kikisii yeye alijibu kwa Kiswahili chake cha darasani, kila neno mahali pake. Alikuwa mrefu, mnene, na nyonga yake moja ilikuwa mbovu tangu alipojifungua mtoto wa mwisho, kwa hiyo alitembea akiyumba. Nilimsikia kabla ya kumwona.

“Nimeambiwa una mtu ndani,” alisema sebuleni.

“Anapumzika,” Makomoke akajibu.

“Na apumzikie nje. Jumamosi baada ya chakula naondoka na watu wachache. Hatuendi mbio na vijana. Wale wanapuliza filimbi wanakwenda. Ukibaki nyuma mara mbili, ya tatu huji tena. Nimewahesabu watu waliopotea namna hiyo, mimi nikiwa mmoja wao. Sasa sisi tunatembea kwa mwendo wa yule anayekwenda polepole kuliko wote.”

Makomoke alishusha sauti, kana kwamba kushusha sauti katika nyumba ile kulisaidia. “Na akianguka, Mwalimu?”

“Ataangukia nyasi. Humu ndani kuna saruji.”

Jumamosi iliyofuata nilivaa sketi yangu ya kanisa na sweta licha ya joto, ili nifiche kovu, nikatoka. Tulikutana nyuma ya kanisa, na nilipowaona wenzangu nilitamani kurudi. Alikuwepo Mzee Ondieki, aliyekuwa dereva wa lori mpaka magoti yakakataa, na fimbo zake mbili. Alikuwepo Bosibori, mchuuzi wa ndizi katika soko la Nyakoe, msichana mkubwa wa mwili ambaye vijana walimwimbia alipopita na ambaye kila alipoketi aliangalia kwanza kiti. Mwalimu na nyonga yake. Na mimi. Wale wa mbele walikuwa wakifunga kamba za viatu, wanatania, na nilijua kwamba mtu yeyote atakayetuona tunateremka ule mlima atasema, hawa ndio wamebaki. Vijana walipoondoka na filimbi yao nilijificha kidogo nyuma ya Bosibori, ambaye alitosha.

Mwalimu hakuomba kwanza wala hakupanga mstari. Alituuliza kila mmoja, kama mtu anayeuliza mgeni atakunywa nini: “Wewe ukiwa nje, unapenda nini?” Mzee Ondieki alisema anapenda kuketi mahali penye upepo na kuimba besi, kwa sababu nyumbani wajukuu humwambia anapiga kelele. Bosibori alisema anapenda mapera ya porini, na kula bila mtu kutazama ni mangapi. Nilipofikiwa mimi nikasema sijui. Lilikuwa jibu la kweli. Hakuna aliyewahi kuniuliza napenda nini. Walikuwa wakiniuliza nasikiaje. Mwalimu akasema, “Basi utatafuta. Ukikipata useme.” Na siku ile tulikwenda mahali pa mapera, na Bosibori akala akiwa ametugeuzia mgongo, na alipomaliza akageuka na mdomo wote umejaa mbegu, akasema, “Sasa tazameni,” nasi tukacheka mpaka Mzee Ondieki akaangusha fimbo.

Wiki baada ya wiki tulikwenda. Hatukufika mbali. Siku nyingine tulifika tu kwenye kichaka cha mikaratusi chini ya shule, tukaketi, Mzee akaimba besi ya nyimbo ambazo sisi wengine hatukuwa na sauti nyingine za kuzijaza, mvua ikaja, tukakimbilia baraza la mtu tusiyemjua akatupa viazi vitamu. Nilijifunza kupita kwenye udongo mwekundu uliolowa kwa kukanyaga pembeni penye majani. Nilijifunza jina la ndege mmoja nikalisahau. Makomoke alinisubiri mlangoni kila mara, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni akitafuta damu, na alipokosa akasema tu, “Viatu vivuliwe huko nje.” Katika kundi letu Mwalimu pekee ndiye aliyejua ugonjwa wangu. Nilikuwa nimemwomba asiwaambie wengine, nikalia, akakubali, ingawa alisema si vizuri. Nilitaka pawe na mahali pamoja duniani ambapo mimi ni Moraa anayeogopa vinyonga, basi.

Siku moja nikiwa nimekaa juu ya jiwe, bila kuulizwa, nikasema, “Ninapenda kuona mbali.” Nilisema kwa sababu dirisha langu lilitazama ukuta. Mwalimu akapiga makofi. “Mbali! Basi twende Manga,” akasema. Manga ni ule ukingo wa mlima huko Nyamira ambako ardhi hukatika ghafla, na siku isiyo na mawingu, mtu akisimama pale, huona nyanda zote za chini mpaka ziwani. Mzee Ondieki akasema mwanawe ana pikapu na atatupeleka. Habari zikafika kwa vijana wa filimbi, nao wakaomba kuja, na Mwalimu, ambaye hakujua kumnyima mtu kitu, akasema karibuni. Kwa hiyo safari iliyoanza kwa sababu nilitaka kuona mbali ikawa safari ya pikapu mbili, na masufuria, na gitaa, na Evans.

Evans alikuwa mwenye filimbi. Sina la kusema baya juu yake. Alikuwa kijana wa heshima mwenye meno mazuri. Tulipoanza kupanda kutoka mahali tulipoacha magari, alirudi nyuma akatembea nami, akanishika mkono palipoteleza, akaniuliza kwa nini huwa sionekani kanisani kwenye kwaya. Mwalimu alikuwa chini kabisa akimsaidia Mzee na fimbo zake. Mimi kabla ya kuanguka husikia harufu ya chuma, kama sufuria tupu iliyosahauliwa motoni, na inanipa muda wa kutosha kuketi. Pale, katikati ya sentensi ya Evans, niliisikia. Ningeketi. Ningesema, niache kidogo. Badala yake nilitabasamu, nikaendelea kupanda, kwa sababu alikuwa amenishika mkono na nilitaka afikiri mimi ni msichana wa kawaida kwa hatua chache zaidi.

Nilipozinduka kitu cha kwanza nilichoona ni viatu. Walikuwa wamesimama duara, mbali kidogo, vijana wote wale, na katikati nilikuwa mimi na sketi yangu iliyolowa. Mtu alikuwa amejaribu kuniweka kijiti mdomoni na mdomo ulikuwa unatoka damu. Msichana mmoja alikuwa akisema, “Msimguse, ni mate yanaambukiza,” na mwingine alikuwa akilia. Evans alikuwa ameinama kando, anapangusa mikono kwenye nyasi. Anapangusa, anaitazama, anapangusa tena. Nimesahau mambo mengi ya ujana wangu ambayo ningependa kuyakumbuka, sauti ya bibi yangu, kwa mfano, lakini mikono ile na nyasi zile ninazo. Ndipo Mwalimu akatokea akihema, nyonga imemshinda, akipiga kelele kwa Kikisii kwa mara ya kwanza tangu nimjue, “Tokeni! Mpeni hewa! Hamjaona mtu?” Akaketi matopeni na nguo yake nzuri, akaniweka kichwa mapajani.

Hatukufika Manga. Masufuria hayakufunguliwa. Tuliteremka, na katika pikapu watu walijibana upande mmoja nikabaki na nafasi nyingi sana, nikiwa kati ya Mwalimu na Bosibori, ambaye alinipa ndizi. Pale Nyanchwa Makomoke alinipokea, akaona, akanivua sketi. Aliifua mwenyewe, uani, upande usioonekana kutoka barabarani, akaisugua kuliko ilivyohitaji. Hakusema, “Nilikuambia.” Ningependa angesema. Ningekuwa na la kujibu.

Baada ya hapo sikutoka. Sabato ikafika, nyingine ikafika, filimbi ikapulizwa, na mimi nikaweka kichwa chini ya mto. Nilijua kanisa zima limejua. Nilijua pia kwamba Makomoke, akishuka mlima na raba zake, alikuwa akisalimiwa kwa upole ule ambao watu humpa mfiwa. Mwalimu alikuja mara kadhaa, na kila mara nilimsikia Makomoke akisema amelala, na kila mara nilikuwa macho. Kuna watu wanaoamini kwamba aibu ni hisia, inakuja na kuondoka. Yangu ilikuwa mahali. Ilikuwa na kitanda na dirisha, na nilikuwa nimeanza kupazoea.

Siku moja Mwalimu hakuuliza kama nimelala. Alipita sebuleni moja kwa moja, akafungua mlango wangu, akaketi kwenye sanduku langu likalalamika.

“Nimekuja kuomba msamaha,” alisema. “Nilikubali siri yako kwa sababu ulilia. Kama wangejua, wasingekutia kijiti mdomoni.”

“Wangejua, wasingekuja kabisa,” nikasema.

“Pengine. Mzee na Bosibori wangekuja. Wameniuliza wakufanyie nini ukianguka tena. Mzee anataka kujua ashike wapi. Nimewaambia alivyonieleza muuguzi: alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe, asitiwe kitu mdomoni, asishikwe kwa nguvu, na ikikawia kupita kiasi tukimbilie hospitali. Hayo wameyajua. Lakini hayo ni ya kila mgonjwa. Nataka kujua ya kwako. Wewe Moraa unataka nini?”

Nilikasirika. Nilimwambia sitaki kitu, nataka waende wakale mapera yao. Yeye akangoja. Mvua ilianza juu ya mabati, ikatulazimu kupaza sauti, na pengine ndiyo sababu niliweza kusema, kwa maana nilikuwa nikipiga kelele kama mtu mwenye haki. “Nataka wasinitazame!” nikasema. “Nikizinduka nakuta macho. Kila mara macho! Nataka mtu mmoja tu ashike kichwa, na wengine wote wanipe mgongo, wazungumze mambo yao. Na mtu anifunike leso huku chini. Na wasinisubiri kwa huruma. Na wasirudi nyumbani kwa sababu yangu!”

“Migongo,” Mwalimu akasema, akiitikia kwa kichwa kama mtu anayeagizwa sokoni. “Leso. Mazungumzo ya kawaida. Safari iendelee.” Akainuka kwa shida, akaondoka. Ndipo nilipokumbuka kwamba nyumba ile haikuwa na dari, na kwamba Makomoke alikuwa sebuleni wakati wote huo. Hakuja kuniuliza kitu. Nilisikia tu kijiko chake kikikoroga chai, muda mrefu, chai ambayo lazima ilikuwa imepoa.

Tulitoka tena kwenda Manga mwaka ule ukielekea ukingoni, pikapu moja, bila filimbi. Asubuhi ile nilitoka chumbani nikamkuta Makomoke mlangoni amevaa raba zake, na leso mbili begani, siku ya Jumapili, siku yake ya pekee ya kulala. “Unakwenda wapi?” nikamuuliza. “Kama kazi ni kushika kichwa,” akasema bila kunitazama, “mimi ndiye niliyezoea.” Ndani ya pikapu alikaa wima kama yuko ofisini. Alipomwona Bosibori akimenya muwa kwa meno alisema wasichana wa siku hizi hawana haya, na muda mfupi baadaye alikuwa akitafuna kipande.

Tulipanda kwa mwendo wa Mzee Ondieki. Majani chai yalikuwa na umande, na kila tulipopumzika Makomoke aliuliza, “Ni pale?” na Mwalimu akajibu, “Bado.” Tulipokaribia mahali nilipoanguka mara ya kwanza nilijiambia kwamba ni kumbukumbu tu, kisha nikajua kwamba harufu ile ya chuma si kumbukumbu. Safari hii nilisema. Nilisema, “Makomoke,” nikaketi kwenye nyasi.

Nilipozinduka niliona migongo. Mgongo wa Mzee Ondieki na koti lake lililochanika mshononi. Mgongo mpana wa Bosibori, ambao peke yake ulikuwa ukuta. Mgongo wa Mwalimu. Walikuwa wameketi mstari mmoja wakitazama chini bondeni, na walikuwa wakizungumza kuhusu bei ya ndizi, Bosibori akidai kwamba wanunuzi wanaotoka Nairobi ni wezi waliovaa vizuri, Mzee akisema katika siku zake za lori hata yeye alikuwa mmoja wao. Hakuna aliyegeuka. Nilikuwa nimefunikwa leso kuanzia kiunoni. Kichwa changu kilikuwa mapajani mwa Makomoke, na kiganja chake kilikuwa juu ya shavu langu, na nilipomtazama niliona kwamba yeye pia alikuwa ametazama kwingine, kwa bidii, kuelekea mawinguni, kwa sababu ndivyo nilivyoagiza. Machozi yalikuwa yakimdondoka kidevuni na hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Nisidanganye. Niliona haya. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa niliyelowa mlimani, na hakuna leso inayofunika hilo. Nililala pale nikisikiliza bei ya ndizi, aibu imenijaa mpaka masikioni, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu niliyehitaji kumficha. Niliposema nina kiu, Bosibori alinyoosha chupa ya maji nyuma ya mgongo wake bila kugeuka, akakosa, akamwagia Makomoke kwenye goti. Makomoke akasema neno la Kikisii ambalo mtu wa kanisa hapaswi kulijua. Mabega ya Mzee Ondieki yakaanza kutikisika.

Tulingoja mpaka miguu yangu ikawa yangu tena. Makomoke akanifunga leso ya pili juu ya ile ya kwanza, akanishika kiwiko, tukaendelea. Tulipofika ukingoni palikuwa na ukungu mtupu. Hapakuwa na nyanda, hapakuwa na ziwa. Mlima ulikatika miguuni petu na kuanzia hapo kila kitu kilikuwa cheupe kama maziwa. Mzee Ondieki alivua kofia akaniomba radhi, kana kwamba yeye ndiye aliyeuleta. Mwalimu akaketi juu ya jiwe kupumzisha nyonga yake.

Makomoke alisogea mpaka ukingoni kabisa, akainama, akachungulia ule weupe kwa muda mrefu huku raba zake zimejaa tope jekundu. “Ndiyo hii mbali mliyokuwa mnaisema?” akauliza. Akajipangusa mikono, akanigeukia, akanitazama usoni moja kwa moja.

“Basi,” akasema, “itabidi turudi siku nyingine.”